Sekunde 0.33: Maisha ya Franz Klammer katika Mbio za Mteremko

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa michezo, wanariadha wa zamani na wa sasa, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie maisha ya bingwa mmoja wa mbio za skii za mteremko, nami nimemchagua Franz Klammer wa Austria. Najua kwamba wengi wenu mkisikia jina hilo mnaona picha moja tu: kijana aliyevaa vazi la njano la kubana mwili, akiteremka mlima wa Patscherkofel ulio juu ya mji wa Innsbruck, tarehe 5 Februari 1976, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, mikono ikitapatapa hewani, skii moja ikiinuka kutoka kwenye theluji, na umati ukipiga mayowe kando ya njia. Picha hiyo ni ya kweli na nitaifikia. Hata hivyo nina ugomvi nayo. Imetufanya tumkumbuke Klammer kama mtu aliyejitupa mlimani kwa ujasiri mtupu, bahati ikamdaka, ilhali rekodi yake yote, kabla ya siku ile na baada yake, ni ya fundi aliyeijua kazi yake kwa undani kuliko yeyote wa zama zake. Nikifanikiwa kuwashawishi katika hilo moja, nitakuwa nimetimiza nililokusudia.

Kwa faida ya wale wasioufuatilia mchezo huu, yafaa nieleze kwanza kinachoyatenga mashindano ya mteremko na mashindano mengine ya skii. Katika slalomu, yaani mbio za kuzunguka vijiti vilivyokaribiana, mshindani huteremka mara mbili na muda wa mara zote mbili hujumlishwa, hivyo aliyekosea asubuhi ana nafasi ya kujirekebisha mchana. Katika mteremko hakuna mara ya pili. Mshindani huanza mlimani, mita 800 hadi 1,100 juu ya mahali pa kumalizia kwa upande wa wanaume, na dakika mbili hivi baadaye, kila kitu kimekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwendo wa kilomita 120 hadi 140 kwa saa ni wa kawaida, na huko Wengen nchini Uswisi, ambako njia ina urefu unaokaribia kilomita nne na nusu, Mfaransa Johan Clarey alipimwa mwaka 2013 akiwa na mwendo wa kilomita 161.9 kwa saa. Kitzbühel, nchini Austria, ina sehemu karibu kabisa na mwanzo wa njia inayoitwa Mausefalle, ambayo mteremko wake unafikia asilimia 85, na mshindani huiruka hewani kabla hata hajapata muda wa kutulia.

Kwa sababu ya hatari hiyo, mteremko ndio mchezo wa skii ambao washindani hupewa nafasi ya kuijaribu njia kwa mwendo kamili katika siku zinazotangulia shindano. Huikagua pia polepole, wakiteleza kwa ubavu lango hadi lango, wakisimama, wakirudi kidogo, wakikariri kila mbonyeo na kila bonge la barafu. Usiku, mafundi wao huchagua nta ya kupaka chini ya skii kulingana na joto na unyevu wa theluji. Asubuhi ya shindano, mtelezaji mwenye uzoefu anaweza kufumba macho na kuiteremka njia nzima kichwani mwake, akiinamisha mabega kulia na kushoto, na akifumbua macho muda alioutumia haupishani sana na ule wa saa. Nasisitiza jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa mtu anayetazama kwenye televisheni huona kasi tu, na maandalizi hayaoni.

Jambo lingine lisiloonekana kwenye televisheni ni hewa. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Ndiyo maana watelezaji wa mteremko huchuchumaa, mgongo ukiwa sambamba na theluji, mikono ikiwa mbele ya uso, na fimbo zikiwa zimepindwa zifuate umbo la kiuno. Anayenyanyuka kuokoa mizani, akatanua mkono mmoja hata kwa nusu ya sekunde, amejifanya tanga na anapoteza muda. Naomba mlihifadhi hilo, kwa sababu tutalihitaji tukifika Innsbruck.

Klammer alizaliwa tarehe 3 Desemba 1953 katika kijiji cha Mooswald, jimbo la Carinthia, kusini mwa Austria, katika familia ya wakulima. Wakati wa baridi alikwenda shule kwa skii, kama watoto wengi wa milimani, lakini hakuanza kushindana kwa dhati hadi alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, umri ambao wenzake wa majimbo ya Tyrol, Salzburg na Vorarlberg walikuwa tayari wamepitia miaka kadhaa mikononi mwa makocha. Carinthia haikuwa na jina katika mchezo huo. Timu ya taifa ilikuwa imejaa vijana wa majimbo yale makubwa, na kwa kijana wa Mooswald kuupenya mlango huo kulihitaji matokeo ambayo hakuna kamati ingeweza kuyapuuza. Aliingia katika timu mwaka 1972, akiwa na miaka 18, na mwezi Desemba 1973 alishinda mbio zake za kwanza za mteremko za Kombe la Dunia, yaani mfululizo wa mashindano ya msimu mzima yanayotolewa pointi, huko Schladming, nyumbani Austria. Miezi michache baadaye, katika Mashindano ya Ubingwa wa Dunia ya mwaka 1974 huko St. Moritz, alipata medali ya fedha katika mteremko nyuma ya Mwaustria mwenzake David Zwilling, na akachukua dhahabu ya mashindano ya mchanganyiko, ambayo hujumlisha matokeo ya aina mbalimbali za skii.

Ndipo ukaja msimu wa 1974/75, na mimi huwashauri vijana wanaotaka kumjua Klammer waanzie hapo, kabla ya kuitazama Olimpiki. Katika msimu huo kulikuwa na mbio tisa za mteremko za Kombe la Dunia. Klammer alishinda nane. Zile zilizobaki, huko Megève nchini Ufaransa, zilimponyoka kwa sababu skii yake moja ilichomoka njiani. Huko Wengen alimshinda aliyeshika nafasi ya pili, Mwitalia Herbert Plank, kwa sekunde 3.54, katika mchezo ambao mara nyingi watu kumi wa kwanza huingia ndani ya sekunde mbili. Wiki moja haikupita sana, akawa Kitzbühel, na huko akamshinda Mwitalia mwingine, Gustav Thöni, kwa sekunde 0.01. Kwa mwendo wa watu hao, sekunde 0.01 ni umbali usiofikia urefu wa rula ya shule. Yule yule aliyeshinda kwa pengo kubwa kupita kiasi ndiye aliyeshinda kwa pengo dogo kuliko yote yanayoweza kupimwa, na mimi naona matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanaeleza mengi. Bahati inaweza kukupa moja kati ya hayo. Haikupi yote mawili, kisha ikakuongezea mengine sita.

Msimu huo ulimalizika kwa jambo ambalo hadi leo wapenzi wa skii hulijadili kwa uchungu au kwa kicheko, kutegemea wanakotoka. Kabla ya shindano la mwisho huko Val Gardena, watu watatu walikuwa wamelingana pointi katika ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia, unaojumlisha aina zote za skii: Thöni, Ingemar Stenmark wa Uswidi, na Klammer. Thöni na Stenmark walikuwa mabwana wa slalomu. Klammer alikuwa amezikusanya pointi zake kwa mteremko, karibu zote. Na shindano la mwisho lilikuwa slalomu sambamba, ambamo watu wawili huteremka bega kwa bega kwenye kilima kifupi, wakizunguka vijiti. Klammer alitolewa katika raundi ya kwanza. Thöni na Stenmark walikutana katika fainali, Thöni akashinda na kuchukua kombe. Ukiniuliza mimi, kumaliza Kombe la Dunia kwa namna ile halikuwa wazo la busara, lakini kanuni zilijulikana tangu mwanzo na sikusikia kwamba Klammer aliwahi kuzitumia kama kisingizio. Alibaki na ubingwa wa mteremko, wa kwanza kati ya mitano.

Sasa twende Innsbruck. Ili kuuelewa uzito uliokuwa juu ya mabega yake, ni lazima tukumbuke mambo mawili. La kwanza ni kwamba Michezo ile haikupangwa kufanyika Austria hata kidogo. Ilikuwa imepewa mji wa Denver nchini Marekani, lakini mwezi Novemba 1972 wapiga kura wa jimbo la Colorado walikataa fedha za umma zisitumike kuigharimia, na Innsbruck, ambayo ilikwisha kuiandaa mwaka 1964, ikapewa nafasi hiyo. La pili ni jeraha la mwaka 1972. Siku chache kabla ya Michezo ya Sapporo kuanza, Karl Schranz, nyota mkubwa wa skii wa Austria, alifungiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliyoongozwa na Avery Brundage, kwa madai kwamba alikuwa akijipatia fedha kutokana na mchezo. Aliporudi Vienna alipokewa na umati mkubwa ajabu, kama kiongozi wa taifa anayerudi kutoka vitani. Medali ya dhahabu ya mteremko ya mwaka ule ikaenda kwa Mswisi, Bernhard Russi, na ile ya mwaka 1968 ilikuwa imechukuliwa na Mfaransa, Jean-Claude Killy. Kwa taifa linalouona mteremko kama urithi wake, kukaa bila dhahabu hiyo tangu Egon Zimmermann alipoishinda mwaka 1964, kwenye mlima huo huo wa Patscherkofel, ilikuwa fedheha.

Deni hilo lote likaangukia kwa kijana wa miaka 22. Watu wapatao 60,000 walijipanga mlimani. Njia ilikuwa na urefu wa mita 3,020, ikianzia mita 1,950 juu ya usawa wa bahari na kuishia mita 1,080, yaani kushuka kwa mita 870. Russi, bingwa mtetezi, alianza akiwa wa tatu, theluji ikiwa bado laini kama kioo, akateremka bila doa na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 46.06. Mmoja baada ya mwingine walijaribu kuufikia muda huo wakashindwa. Klammer alikuwa amepata namba 15, ya mwisho katika kundi la kwanza la washindani bora, na kila aliyemtangulia alikuwa ameikwaruza njia kwa makali ya skii zake, akaacha mifereji na mabonge pale ambapo Russi alipita pakiwa sawasawa. Alisimama kwenye lango la kuanzia akijua muda anaopaswa kuuvunja, na akijua kwamba njia aliyopewa ni mbovu kuliko ya mwenzake.

Sehemu ya juu haikumwendea vizuri. Tangu kona za mwanzo alionekana akichelewa kidogo, akitupwa nje ya mstari, akitanua mikono kuirudisha mizani, na saa ya katikati ya njia ilipompima ilionyesha kwamba yuko nyuma ya Russi kwa karibu moja ya tano ya sekunde. Hapa ndipo naomba tukumbuke tuliyosema kuhusu hewa. Mikono ile iliyotapatapa, ambayo televisheni imeirudia maelfu ya mara kama alama ya ushindi wake, haikumpa ushindi. Ilimgharimu. Kila mara alipoitanua alikuwa akilipa kwa muda. Angeshindwa siku ile, picha zile zile zingetumiwa kueleza kwa nini alishindwa, na maelezo hayo yangekuwa sahihi.

Kilichomwokoa kilitokea chini zaidi, na si watazamaji wengi walioling'amua wakati ule. Kuelekea theluthi ya mwisho kulikuwa na kona ambayo yeye na wenzake walikuwa wameipita kwa mstari mmoja katika siku zote za mazoezi. Klammer aliuacha mstari huo. Alibaki juu, karibu na uzio, mahali ambapo skii za waliotangulia hazikuwa zimepachimba, akaichukua kona kwa mapana zaidi, na akatoka upande wa pili akiwa na mwendo ambao mstari wa kawaida usingeweza kumpa. Baadaye ameeleza katika mahojiano kwamba alijua yuko nyuma na kwamba mpango wake wa awali usingetosha. Huo uamuzi aliufanya akiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja kwa saa, ndani ya muda usiotosha hata kutamka jina la kona yenyewe.

Je, huo ni ujasiri? Bila shaka ni ujasiri. Hakuna mtu mwoga anayefika kwenye lango lile. Lakini ujasiri peke yake ungempeleka kwenye uzio. Mtu hawezi kubuni mstari mpya katika kona asiyoijua. Aliweza kuuacha mstari uliozoeleka kwa sababu alikuwa ameisoma kona nzima, pamoja na zile sehemu ambazo hakukusudia kuzipita, na alijua theluji ya pembeni itambeba. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na nadhani hawajawahi kupata mtu aliyewathibitishia kauli hiyo kwa ukamilifu kama ule. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 45.73. Pengo lilikuwa sekunde 0.33, ambalo kwa mwendo wake wa wastani, kama kilomita 103 kwa saa, ni mita tisa na kitu. Plank wa Italia alikuwa wa tatu. Russi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumpongeza, na wawili hao wamebaki marafiki. Russi baadaye akawa mbunifu mashuhuri wa njia za mteremko, zikiwamo za Michezo ya Olimpiki, na naamini kuna kona kadhaa duniani zilizochorwa na mtu anayekumbuka vizuri jinsi kona moja ilivyomnyang'anya dhahabu.

Baada ya hapo ushindi uliendelea kana kwamba ni ada. Kitzbühel alishinda mwaka 1975, 1976 na 1977, miaka mitatu mfululizo, na Wengen vivyo hivyo. Ubingwa wa mteremko wa Kombe la Dunia ulikuwa wake kwa miaka minne, kuanzia 1975 hadi 1978. Sitakaa sana kwenye kipindi hicho, maana orodha ya ushindi haimfundishi mtu mengi baada ya ushindi wa kumi.

Ninataka kukaa kwenye kipindi kilichofuata, ambacho wasimulizi wengi hukiruka kwa aya moja. Mwaka 1977 mdogo wake Klammer, naye akiwa mtelezaji chipukizi, alianguka katika mashindano ya mteremko na kupooza kuanzia kiunoni. Sidai kwamba najua yaliyompitia kaka mtu moyoni, wala sioni haja ya kuyabuni. Ninachosema ni kwamba kuanzia wakati huo, kila aliposimama kwenye lango la kuanzia, hatari ya mchezo huu haikuwa tena habari ya watu wengine. Baadaye kidogo alibadilisha kampuni ya kumtengenezea skii, na mwanaspoti yeyote wa mteremko atawaambia kwamba kubadilisha skii ni kubadilisha miguu: unyumbufu wake, namna ukali wake unavyoshika barafu, wakati unaoitika ukiielemea, vyote vinapaswa kujifunzwa upya. Na wapinzani nao hawakulala. Wakanada walikuwa wamekuja juu na mtindo wao wa kutojali chochote, na Mswisi Peter Müller akauchukua ubingwa wa mteremko wa mwaka 1979 na wa mwaka 1980.

Klammer hakushinda. Msimu ukaenda, ukaja mwingine, naye akawa anamaliza katika nafasi ambazo magazeti hayazichapishi kwenye ukurasa wa mbele. Wapo waliosema kwamba woga umemwingia. Mimi nadhani kauli hiyo ni matokeo ya ile ile picha ya Innsbruck: ukishaamini kwamba mtu alishinda kwa ujasiri tu, basi akiacha kushinda utasema ujasiri umemwisha, na hutatafuta sababu nyingine. Ukimwona kama fundi, utauliza maswali ya kifundi. Je, skii zinaitika? Je, mwili umebadilika? Je, mstari aliouzoea bado ndio wa haraka zaidi, ilhali vifaa vimebadilika? Haya ndiyo maswali aliyokuwa akijiuliza mwenyewe, na yalichukua muda kujibiwa.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1980. Austria ilikuwa na watelezaji wengi wa daraja la juu kuliko nafasi zilizoruhusiwa katika Michezo ya Lake Placid, na bingwa mtetezi wa Olimpiki akaachwa nyumbani. Medali ya dhahabu ya mteremko ilichukuliwa na Leonhard Stock, ambaye alikwenda Marekani akiwa mchezaji wa akiba na akapandishwa baada ya kuwa na kasi kubwa katika mazoezi. Kwa waliochagua timu, matokeo yalikuwa hoja isiyojibika. Kwa Klammer, mwenye umri wa miaka 26, lilikuwa dokezo la wazi kwamba taifa linaweza kuendelea bila yeye.

Angeweza kuondoka hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na dhahabu, alikuwa na jina, na Austria ingempenda hadi mwisho wa maisha yake kwa ajili ya zile dakika mbili. Badala yake alirudi kwenye mazoezi, akashindana bila kushinda katika msimu wa 1980/81 vilevile, na mwezi Desemba 1981, huko Val d'Isère nchini Ufaransa, akashinda mbio za mteremko za Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1978. Msimu wa 1982/83 akautwaa tena ubingwa wa mteremko, wa tano wake, miaka mitano baada ya ule wa nne. Ubingwa huu haukufanana na ule wa 1975. Hakuwa tena mtu wa kushinda mbio nane kati ya tisa. Aliupata kwa kukusanya pointi za nafasi za juu, shindano baada ya shindano, akiwaacha vijana wenye kasi zaidi yake wajiangushe wenyewe. Kama mngenitaka nichague taji moja la Klammer la kuwaonyesha wanafunzi wenu, ningewaachia wengine dhahabu ya Innsbruck nikachukua hili la 1983.

Mwezi Januari 1984 alishinda Kitzbühel kwa mara ya nne, miaka saba baada ya mara ya tatu, akiwa na umri wa miaka 30. Ushindi huo ulikuwa wa mwisho wake katika Kombe la Dunia, na haukuja kwenye njia nyepesi bali kwenye ile ambayo watelezaji wenyewe huiheshimu kuliko zote. Wiki chache baadaye alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Sarajevo na kumaliza wa kumi, medali ya dhahabu ikienda kwa Bill Johnson wa Marekani, kwenye njia ambayo ilihitaji zaidi kuchuchumaa na kunyooka kuliko kusoma kona. Mwaka 1985 akastaafu, kisha akaingia kwenye mashindano ya magari kwa muda. Mfuko wenye jina lake huwasaidia wanamichezo waliopata majeraha makubwa michezoni, kazi ambayo mtu anayejua habari za mdogo wake hahitaji kuelezwa ilikotoka.

Jumla ya ushindi wake wa mteremko katika Kombe la Dunia ni 25, na hakuna mwanaume aliyeufikia. Aliye karibu naye ana pungufu ya ishirini na tano kwa pengo ambalo si dogo, ijapokuwa wengine wameshindana kwa miaka mingi, wakiwa na skii bora, na bila kupoteza misimu mitatu mizima katikati kama yeye. Huwa najaribiwa kukisia angefikia wangapi kama ile misimu isingepotea, lakini nakuwa mwangalifu, kwa sababu yule Klammer wa 1983, mwenye subira na hesabu, alitengenezwa ndani ya misimu hiyo hiyo.

Kwa upande wa wanawake idadi hiyo imepitwa, na sipendi kuondoka hapa bila kusema hivyo. Annemarie Moser-Pröll, Mwaustria aliyezaliwa mwaka mmoja na Klammer, alishinda mbio za mteremko 36 za Kombe la Dunia, akawa bingwa wa jumla mara sita, na akachukua dhahabu ya mteremko pale pale Lake Placid ambako Klammer hakupelekwa. Lindsey Vonn wa Marekani alikuwa amefikisha 43 alipostaafu mwaka 2019. Moser-Pröll hakuwa na picha ya aina ya ile ya Patscherkofel; alikuwa akishinda kwa utulivu mno kiasi kwamba hakuna kamera iliyopata cha kurudia. Ndiyo maana wengi katika ukumbi huu walimtambua Klammer nilipotaja jina lake, na nadhani wachache wangemtambua yeye. Ningeomba waandaaji wa mazungumzo yajayo wamfikirie, na kama itanibidi nije kumzungumzia mimi, nitakuja.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa nipo tayari kupokea maswali yenu.